Risala ya Kikundi cha Wachora Miti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kuketi nasi. Karibu sana. Tunajua muda wako ni mfupi, hivyo historia tutaipitia haraka.

Kikundi kilianza miaka 6 iliyopita. Mwalimu wetu wa sanaa alitupeleka kuchora mti mkubwa uliokuwa nyuma ya madarasa. Wiki iliyofuata tulirudi kumalizia vivuli, tukakuta kisiki. Tangu hapo tuliazimia kila mti mkubwa unaotuzunguka uchorwe ungali umesimama. Tulianza wanachama 5, leo tupo 32.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumechora miti 41, kila mmoja kwa sura yake: magome, makovu ya matawi yaliyoanguka, hata viota. Tumepata nafasi ya tatu katika mashindano ya sanaa na shule jirani. Mzazi mmoja aliyekusudia kuangusha mti wake aliuona kwenye picha akaghairi, na mti huo upo hadi leo. Tunathubutu kusema tumo katika safari moja na wasanii wakubwa duniani. Emily Carr wa Kanada alichora visiki na misitu iliyofyekwa katika miaka ya 1930. Joseph Beuys alianza mwaka 1982 kazi ya sanaa ya kupanda miti 7,000 katika mji wa Kassel, Ujerumani, kila mti na jiwe lake pembeni. Konstantin Dimopoulos hupaka vigogo vya miti hai rangi ya buluu isiyoidhuru, ili mpita njia aliyezoea kuupita mti asimame autazame. Sisi tumefanya yetu kwa brashi za kugawana.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa kati ya mwaka 2015 na 2020 misitu ya hekta milioni 10 ilikuwa ikifyekwa kila mwaka duniani, sababu kuu ikiwa ni kupanua mashamba. Nani awezaye kuziona hekta milioni 10? Lakini mti aliokuwa akiukwea utotoni, kila mtu anaujua akiuona pichani.

Mheshimiwa, sasa tufike kwenye jambo lililotuandikisha risala hii. Kati ya miti 41 tuliyoichora, 26 imeshakatwa. Picha ndizo zilizobaki, na picha hizo hazina pa kukaa. Zimerundikwa kwenye stoo ya viti vilivyovunjika, chini ya paa linalovuja. Turubai likilowa hulegea, likikauka hukaza, na rangi hupasuka ikabanduka vipande vipande. Michoro ya mkaa kwenye karatasi imeota ukungu. Mchwa wamepanda kutoka sakafuni wakala fremu 4. Picha 5 hazitengenezeki tena, na 2 kati ya hizo ni za miti ambayo haipo. Miti hiyo tumeipoteza mara ya pili.

Ombi hili si geni. Miaka 4 iliyopita mgeni rasmi wa siku kama ya leo, ambaye tunamheshimu mpaka sasa, alituahidi chumba cha kuhifadhia picha. Jiwe la msingi liliwekwa, tukapiga makofi. Ukitoka hapa utaliona mkono wako wa kushoto. Tumelifyekea nyasi juzi ili lionekane. Mwaka uliofuata tuliambiwa bajeti imeshapita, tusubiri. Mwaka wa tatu walikuja wataalamu wawili, wakapima, wakapiga picha, wakatia saini kitabu cha wageni. Hatukuwaona tena. Tumeandika barua 3, na nakala zake zenye muhuri wa kupokelewa tumeziambatanisha hapa. Tunayasema haya kwa heshima zote. Ila wengi waliopiga makofi siku ile wameshamaliza shule.

Tunaomba chumba kimoja tu: paa lisilovuja, sakafu ya saruji, madirisha ya juu yanayopitisha hewa bila jua kuzipiga picha na kufifisha rangi, na rafu zilizoinuliwa za kusimamishia picha wima. Mchanga na kokoto wazazi wameshachanga. Mafundi wawili miongoni mwao wamejitolea nguvu zao. Tunachokosa ni saruji, mabati na kenchi. Kenchi tunaomba ziwe za chuma, maana itatuuma kukipaua chumba hiki kwa mbao. Rangi na turubai pia ni haba, lakini hilo tutalivumilia.

Tunakuomba sana, Mheshimiwa, kabla hujaondoka ututajie tarehe ya kuanza, na uiandike kwa mkono wako kwenye kitabu cha wageni, chini ya saini za wale waliokuja kupima.

Mwisho, pokea zawadi yetu ndogo. Ni picha ya mti wa getini, ule uliokutilia kivuli uliposhuka garini. Wiki iliyopita tuliukuta umepigwa alama nyekundu kwenye shina. Tumeuchora pamoja na alama yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kamati