YAH: Safari ya "moja kwa moja" Tanga–Dar es Salaam iliyopitia Pemba na Unguja

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu mnayajua wenyewe, hatutayarudia.

Tiketi zetu nne za tarehe 14 Agosti zinasema: kuondoka Tanga saa 3:30 asubuhi, kufika Dar saa 4:15, vituo hakuna. Tumefika saa 6:10 mchana, tumechelewa dakika 115. Mhudumu wenu alisema kusi lilikuwa kali. Kwa heshima zote, hesabu hiyo inakataa. Uwanja hadi uwanja, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 200. Ndege ndogo aina ya Caravan, ya injini moja, hukata kama kilomita 315 kwa saa, yaani dakika 38 angani. Ukiongeza za kutembea ardhini unapata zile 45 zenu. Kusi la noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa, likiipiga usoni njia nzima, kasi inashuka hadi 278 hivi na dakika 38 zinakuwa 43. Upepo umekula dakika tano. Dakika 110 zilizobaki kazila nani?

Zimeliwa na njia. Tanga–Pemba kama kilomita 85, Pemba–Unguja kama 125, Unguja–Dar zaidi ya 70: jumla 280. Na kila kituo kina kushuka, kuzima injini, kupakua, kupakia na kupanga uzito upya, dakika 20 mambo yakienda vizuri. Pemba tulikaa 50, tukisubiri abiria wenu waliochelewa.

Hapo Pemba tulishushwa wote juani. Mama mmoja kati yetu, goti limemvimba, aliomba kiti au kivuli. Mhudumu akamjibu mbele za watu: "Mama, ukitaka moja kwa moja kodi ndege yako."

Ndege ambayo mama huyo alikuwa aipande Dar kwenda Mwanza iliruka saa 5:45, dakika ileile sisi tunatoka Unguja. Na pale kaunta Tanga, kabla ya yote haya, tuliuliza mara mbili kama ndege inapita mahali. Tukajibiwa haipiti, huku maboksi yaliyoandikwa PEMBA yanasukumwa kwenda kwenye ndege hiyohiyo.

Tunalirudia la yule mama ili lisipotee kwenye jalada. Mtu wa umri wa kumzaa kijana yule alisimama chini ya bawa dakika 50, mkono umeshika nguzo ya bawa, kiatu cha mguu mbovu amekivua, amekanyaga lami ya moto. Kaomba kiti, kaambiwa akodi ndege. Hata shikamoo hakupewa. Kijana alisema hivyo macho yako kwenye simu.

Tulianza barua hii tukitaka nusu ya nauli. Sasa tunataka nauli yote ya abiria wanne, thamani ya tiketi ya Mwanza iliyopotea, na barua ya kumwomba radhi mama huyo yenye sahihi yako wewe, si ya mtu wa kaunta. Na kuanzia sasa tiketi zitaje Pemba na Unguja, na muda wa kweli, ili mtu apange safari yake akijua.

Tunawapa siku 14. Hapana, siku 7. Dakika 50 za lami zimetosha kusubiri. Zikipita, nakala za tiketi na kadi za kupandia zinakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na baada ya hapo mahakamani.

Abiria wanne,
Tanga