Masaa manne Rhodes hayatoshi: kwanini tunawashauri mlale ndani ya ukuta

Kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia tunapokea meseji za aina moja. Mtu anaenda Istanbul kuchukua mzigo Laleli, ule mtaa wa maduka ya jumla, anasikia kisiwa cha Rhodes cha Ugiriki kiko palepale ng'ambo ya Marmaris, mji wa bandari wa Uturuki, feri kama saa moja tu, basi anatuandikia watsapu "naomba mnipangie niende asubuhi nirudi jioni, nataka niuone ule mji wa ukuta". Inawezekana kabisa, feri zipo msimu wa joto, na tukikukatia tiketi ya hivyo sisi tunapata hela yetu bila kuhangaika. Ila hatuiuzi kabla hatujakuelezea unachokikosa, maana tunaupenda ule mji na inatuuma mtu akirudi akisema "mbona ni maduka tu".

Na kweli ukienda kwa haraka utaona maduka tu. Inakuwa hivi, feri inashusha watu asubuhi, muda huohuo meli kubwa za kitalii nazo zimefunga gati hapohapo nje ya ukuta, kutoka melini mpaka langoni ni dakika chache kwa mguu, kwahiyo maelfu ya watu wanaingia kwa pamoja na wote wanapanda mtaa mmoja unaitwa Sokratous. Mtaa ule una sandali za ngozi, sponji za baharini, vikombe vyenye picha, wahudumu wa migahawa wanakuita kila hatua tano. Saa saba mchana mwezi wa nane jua linapiga yale mawe, yakishapata moto joto linakurudia usoni, watoto wanalia wanataka aiskrimu, unakaa chini unakunywa juisi ya bei ya ajabu, ukiangalia saa muda wa feri umefika. Umetoka. Na hapo hujaona hata robo ya mji.

Sasa mji wenyewe ni upi. Kuta zake zinazunguka kama kilomita 4, na ndani yake watu wanaishi, wanaanika nguo, wanapeleka watoto shule, paka wamejaa kila kona. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988. Waliojenga kuta hizi kwa kiasi kikubwa ni wale watawa askari wa Mtakatifu Yohane, waliochukua kisiwa mwaka 1309 baada ya kufukuzwa kule Nchi Takatifu, wakakaa zaidi ya miaka 200. Walitoka nchi mbalimbali za Ulaya na walijigawa kwa lugha, Wafaransa kivyao, watu wa Provence kivyao, Waitaliano, Waingereza, Wajerumani na wengine, na kila kundi lilipewa kipande chake cha ukuta kukilinda. Ukilijua hilo kabla hujafika, ukuta unaanza kukuongelesha, unaona ngao za mawe zilizochongwa juu ya malango na unaelewa ni kundi gani lilikuwa linalinda pale.

Mwaka 1480 jeshi la Waosmani, ile dola ya Waturuki, lilijaribu kuuteka likashindwa, watawa wakajua watarudi tu, wakaongeza unene wa kuta na kupanua handaki linalozunguka kuta kwasababu mizinga ilikuwa inazidi kuwa mikubwa. Lango la d'Amboise lenye ile minara miwili minene ya duara ni la 1512, yani miaka kumi tu kabla Sultani Suleiman hajaja mwenyewe. Jeshi lake lilikaa nje ya kuta kama miezi sita mwaka 1522, mwisho wakakubaliana, watawa wakaruhusiwa kuondoka na vitu vyao na tarehe 1 Januari 1523 wakapanda merikebu wakaondoka, baadae ndio wakapewa Malta. Waosmani wakakaa mpaka 1912, Waitaliano wakachukua, na baada ya vita kuu ya pili kisiwa kikarudi kwa Ugiriki. Enzi za Waosmani Wagiriki walikatazwa kulala ndani ya kuta, jua likizama walitakiwa wawe wametoka, waliobaki ndani ni Waturuki na Wayahudi. Ndio maana ukitembea leo unakuta msikiti wa Suleiman wenye rangi ya waridi juu kabisa ya Sokratous, ng'ambo yake maktaba ya Kiislamu ya mwaka 1793, halafu hatua chache tu unaangukia kanisa.

Kwahiyo ushauri wetu kwa mteja ni usiku mbili ndani ya ukuta, angalau. Asubuhi saa moja au saa mbili, kabla meli hazijashusha watu, nenda mtaa wa Askari wa Mtakatifu Yohane, wenyewe wanauita Ippoton, ni kama mita 200 za mawe kuanzia ilipokuwa hospitali yao mpaka kwenye jumba la Mkuu wao. Saa hizo unaweza kusikia viatu vyako mwenyewe. Hospitali sasa ni makumbusho ya vitu vya kale, lile jumba kubwa nalo unaingia kwa tiketi, na hapa tunakuwa wakweli, jumba unaloliona si la zamani lote. Mwaka 1856 baruti iliyokuwa imehifadhiwa jirani ililipuka na kuharibu sana eneo lile, kisha Waitaliano wakalijenga upya miaka ya 1937 mpaka 1940 kwa namna waliyoipenda wao, hata zile mozaiki za sakafuni nyingi zililetwa kutoka kisiwa cha Kos. Bado ni zuri, tunakuambia tu ujue unaangalia nini.

Mchana joto likikaza shuka kwenye handaki. Watalii wengi hawajui kama linaingilika na ni bure, halikuwahi kuwa na maji, lilikuwa handaki kavu, leo lina nyasi na miti na yale mawe ya duara ya mizinga yamelala tu chini. Unatembea huko ukuta umesimama pande zote mbili, kivuli kipo sehemu nyingi, na ndipo unapoelewa ukubwa wa kazi iliyofanyika pale. Wateja wenye watoto huwa wanatushukuru kwa hili kuliko kitu kingine chochote.

Jioni sasa, meli zikiondoka mji unakuwa wa wenyewe. Tembea upande wa mashariki kwenye mtaa wa Wayahudi, na wateja wetu wa Lubumbashi tunawasihi wasiuruke kwa namna yoyote ile. Wayahudi wa Rhodes walikuwa wanaongea Kihispania cha kale kinaitwa Ladino, na kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 maisha yalipokuwa magumu vijana wao wengi walihamia Congo, hasa Katanga, wakafungua maduka na biashara Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, ndio chanzo cha ile sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, ya mjini pale. Baba yake Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga na bosi wa TP Mazembe, alitokea kisiwa hikihiki. Waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, walikusanywa na Wajerumani Julai 1944 wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, waliopona ni kama 150. Sinagogi yao ya Kahal Shalom ya mwaka 1577 bado imesimama, sakafu yake ni ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa mikono, pembeni kuna makumbusho madogo yenye picha za familia, na kwenye uwanja wa jirani kuna nguzo ya kumbukumbu. Mtu aliyekulia Lubumbashi akisoma majina ya koo pale anaweza kukuta ambayo aliyasikia mjini kwao, na hiyo haipatikani kwenye safari ya masaa manne.

Chakula hatutaongea sana, ila ulizia pitaroudia, ni kama bajia zetu za dengu zenye nyanya na majani ya mnanaa, wasiokula nyama watashiba.

Tuje kwenye shida zenyewe maana kulala ndani ya ukuta kuna mambo yake. Magari ya wageni hayaingii. Teksi kutoka uwanja wa ndege wa Diagoras, kilomita kama 14, inakuacha langoni na kuanzia hapo ni mguu, na barabara zote ni za kokoto zilizosimamishwa wima, begi la matairi linagoma au matairi yanakatika. Kwahiyo sisi tunachofanya, tunakupa lango lililo karibu na nyumba utakayolala, maana malango yapo mengi na ukikosea utazunguka na mizigo kwenye vichochoro visivyo na mwisho, tunaongea na mwenye nyumba aje akupokee, na kama una mzazi mwenye shida ya magoti tunatafuta chumba cha chini kwasababu nyumba nyingi za zamani ngazi zake zimesimama sana. Pia tunakwepa nyumba zilizo jirani na baa, usiku wa kiangazi kelele zinafika mbali.

Viza, hapa watu wanapotoshwa sana. Kuna mpango wa viza ya siku saba unayoipata bandarini ukitokea Uturuki, ni kweli upo, lakini ni wa raia wa Uturuki na familia zao. Wewe mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au Congo unahitaji viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, mkononi kabla ya kupanda feri, usikubali mtu yeyote akuambie "utaipata palepale". Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, unahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000, maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla na yasichelewe kupita siku 15 kabla ya safari, ingawa sisi tunaomba sana msisubiri hizo siku 15 maana nafasi za kupeleka maombi zinajaa. Na kama unarudi Istanbul kuchukua mzigo wako, hakikisha viza ya Uturuki inakuruhusu kuingia tena, ukivuka kwenda Rhodes umeshatoka nchini kwao.

Anayetaka kwenda mwezi wa tano au mwishoni mwa mwezi wa tisa ndio tunampa moyo zaidi, bahari inaogeleka, joto lina huruma na bei za vyumba zinashuka. Kuanzia mwezi wa kumi na moja feri za Marmaris zinapungua na nyumba nyingi za wageni zinafungwa mpaka karibu na Pasaka, hapo tutakupitisha Athens kwa ndege, ni chini ya saa moja angani. Tutumie tarehe zako, idadi ya watu, umri wa watoto na kama kuna mtu asiyeweza ngazi, tutakurudishia majina ya nyumba pamoja na bei zake kabla hujalipa chochote.