Kihispania kina "maarufu" nyingi, tusizitie kapu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Habari ikitafsiriwa kutoka Kihispania, kila mtu humo ndani anakuwa "maarufu", mwanasoka maarufu, mwandishi maarufu, daktari maarufu, muuza unga, yaani dawa za kulevya, naye maarufu, hata kashfa ni maarufu! Mi najifunza hiyo lugha mwaka wa tatu sasa na nawahakikishia wenyewe hawaongei hivyo, wana neno la huyu na neno la yule, na ukilikosea unakuwa umesema kitu kingine kabisa.

Chukua famoso. Hili ndo la kila siku, linamaanisha jina limeenea, basi, halisemi kama mtu ni mzuri au kazi yake ina maana yoyote. Mastaa wa majarida ya udaku wanaitwa los famosos, na wengine huwezi hata kusema wanafanya kazi gani. Sasa daktari aliyebobea ukimwita famoso hujamsifia sana, mwite reconocido, hapo umesema wenzake kwenye fani wanamkubali, au sema ni de renombre, yaani mwenye jina. Tofauti ni kubwa mno kwa mtu aliyesota miaka na miaka kujenga heshima yake.

Halafu kuna conocido, na hili ndo lilinichoma. Limetoka kwenye kitenzi conocer, kufahamu, yaani ni "anayefahamika" (na ukiangalia vizuri maarufu yetu nayo imetoka kwenye Kiarabu, mzizi wake ni kujua vilevile, kwa hiyo ni kama ndugu). Ndo maana linakaa vizuri kwenye majina ya utani, Edson Arantes do Nascimento, más conocido como Pelé, hapo famoso haiingii. Ila likisimama lenyewe kama nomino maana inageuka, un conocido ni mtu mnayefahamiana tu, hata rafiki hajafika. Niliwahi kupewa kazi ya kumtambulisha mgeni kwa Kihispania, mtaalamu mzito, nikaandika una conocida de nuestro grupo nikidhani nimesema kundi letu lote linamjua kwa sifa zake, kumbe nimesema ni mtu tu tunayefahamiana naye. Alisoma akanyamaza. Mwenzake ndo alinivuta pembeni akanieleza taratibu, na niliumia kwelikweli maana yule mama nilikuwa namheshimu sana.

Célebre ni la heshima zaidi, la kuandika kuliko la kuongea, linamfaa mtu kama Cervantes, yule mwandishi wa Don Quijote, au msemo ambao vizazi na vizazi wameurudia, na halibadiliki kwa mwanaume wala mwanamke wakati famoso inakuwa famosa. Lakini lina matumizi mengine ambayo mi nayapenda kuliko yote. Mtu kama Pablo Escobar, yule muuza unga wa Kolombia, magazeti yao yanamwita tristemente célebre, yaani kavuma, ila kavuma kwa namna ya kusikitisha. Maneno mawili tu na msomaji ameshajua mwandishi yuko upande gani! Sisi tukimwita "maarufu" tunakuwa kama tunampigia makofi mbele ya familia za watu waliouawa.

Kuna notorio pia, wanaojua Kiingereza ndo linawapoteza hasa, wanadhani ni mtu wa sifa mbaya, wakati kwa Kihispania ni jambo lililo wazi kwa kila mtu, wanasema es notorio que, "ni wazi kabisa kwamba". Na popular ni kupendwa na watu au kuwa mali ya watu wa kawaida, música popular sio "muziki maarufu" jamani, ni muziki wa watu wenyewe, hata kama nje ya kijiji chao hakuna aliyewahi kuusikia.

Kashfa wana neno lake, sonado, limetoka kwenye kulia, kutoa sauti, un escándalo muy sonado. Sisi tunalo tayari, "kashfa iliyovuma", picha ni ileile ya sauti kusambaa, sasa kwa nini tuandike kashfa maarufu? (Tahadhari tu, mtu ukisema está sonado umesema hana akili sawasawa.)

Mhariri, Kiswahili hakijapungukiwa hata kidogo, tuna mashuhuri, tuna mwenye jina, anayetajika, aliyebobea, kipenzi cha watu, aliyevuma kwa ubaya. Ninachoomba ni kwamba kabla habari haijapita mezani, mtafsiri ajiulize huyu mtu anajulikana kwa lipi na nani anayemsifia, na kama ni zile programu za kutafsiri zimetumika basi mtu mwenye kuijua lugha apitie tena, maana programu ikishaona jina limeenea inaandika maarufu na kusonga mbele. Na ile ya kumwita muuza unga "maarufu", nawaomba sana, msiirudie.

Msomaji wenu wa kila siku,
Mwanafunzi wa Kihispania