Zuhura, nisaidie kwa mzee huyu

Auckland, New Zealand, Jumatano usiku

Zuhura shoga yangu,

Salaam nyingi. Mwaka mzima kimya, niwie radhi. Mama Hidaya kaniambia mmehamia Muheza na mtoto keshaanza kutembea, alhamdulillahi. Sisi wazima, ila baridi ya Julai hapa inaingia mpaka kwenye mifupa.

Kuna mzee wa Kisamoa kaletwa kwangu kwa mazoezi ya goti. Ana gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, ya miaka mingi, na sasa kisukari. Kila daktari akimweleza, anaitikia "ndiyo", muda unakwisha, anakwenda zake. Nilipomfuata nyumbani Ōtara, kitongoji cha kusini mwa Auckland, nikakuta kabati limejaa alopurinoli, dawa ya gauti. Anameza goti likiuma, likitulia anaacha. Hakujua kuwa ni dawa ya kila siku. Ile "ndiyo" yake ni heshima tu, Zuhura. Unamkumbuka marehemu babu yako na "haya mwanangu, inshallah"?

Kinachoniuma zaidi ni aibu aliyonayo. Anaamini kajitakia kwa kula, na kumbe watu wengi wa visiwa vya Pasifiki wamerithi miili isiyotoa vizuri asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti ikizidi.

Mfamasia wetu, binti wa Kitonga, ndiye aliyefungua njia. Aliketi na mke na wajukuu, wakazungumza kisiwa, ukoo, kanisa, ndipo dawa. Mazungumzo ya namna hiyo wenyewe huyaita talanoa. Fuimaono Karl Pulotu-Endemann, mtaalamu wa afya wa Kisamoa wa hapa New Zealand, aliichora afya kama nyumba ya Kisamoa: msingi ni familia, paa ni utamaduni, mwili ni nguzo moja katika nne. Sasa mbona sisi wa mazoezi, wa dawa, wa lishe, wa miguu tunaitwa kidonda kikishaharibika? Nimelisema hili kikaoni mara tatu. Nitalisema tena.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya mkewe. Kapewa karatasi ya chakula, haina gimbi hata moja! Jumamosi soko la Ōtara limejaa magimbi na nazi, utadhani uko Tanga.

Wewe unaanzaje na bibi anayepika wali wa nazi kwa watu kumi? Unampimia kwa sahani au kwa kiganja? Nazi unaipunguza au unaiacha kwa siku maalumu? Na nyama ya kopo, niiseme mbele ya mgonjwa au nimnong'oneze mkewe? Mguu wa Mzee Kombo je, umepona?

Nijibu kabla ya Jumapili. Wamenialika to'ona'i, chakula chao cha baada ya kanisa, na mama kasema nitakaa karibu naye jikoni.

Wako,
Mwanaidi