Mbio zilizokuwa zikingoja maji yapwe

Mombasa

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Uliuliza kwa nini mbio za pikipiki za Daytona, kule Marekani, zamani hazikuwa na saa moja ya kuanza. Wewe mtu wa pwani jawabu hutalikosa: zilingoja maji.

Mbio zile za taifa za maili 200, yaani kilomita 322, zilianza Daytona tarehe 24 Januari 1937. Duru moja ilipata kilomita 5 na kidogo, nusu ufuoni, nusu barabara nyembamba ya lami kandokando ya bahari. Mwendeshaji Ed Kretz alishinda kwa pikipiki aina ya Indian, wastani wa kilomita 118 kwa saa. Piga hesabu, ni karibu saa mbili na dakika 45. Maji hujaa kwa kiasi cha saa sita. Ukianza yameshapwa kabisa, duru za mwisho bahari inakurudia. Basi zilianzwa maji yangali yakitoka. Na kila siku maji kupwa huchelewa kama dakika 50, kwa hivyo saa ya jana haifai leo.

Mchanga ulioachwa na maji punde hushikamana ukawa kama sakafu. Mkavu wa juu ya ufuo humeza tairi, na taabu yote ilikuwa huko, kwenye kona mbili za kutoka ufuoni kuingia barabarani na kurudi. Kila pikipiki iliyopita ilizidi kuchimba mifereji. Ukikamata breki ya mbele ndani ya mfereji, gurudumu hujizika nawe ukaruka. Heri upunguze mapema, mchanga ungali mgumu, kisha upite kona gesi ikivuta. Cheni nayo huliwa na chumvi na mchanga. Baya zaidi ni kabureta, kichanganyio cha hewa na petroli: chembe zikiingia, slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta gesi, hukwama gesi ikiwa wazi.

Kanuni ziliruhusu ujazo wa cc 750 kwa injini zenye valvu (milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi) pembeni mwa silinda, cc 500 kwa zenye valvu juu yake. Hata hivyo pikipiki za Kiingereza za Norton, za cc 500 tu, zilishinda miaka minne mfululizo, 1949 hadi 1952, na mwaka 1954 BSA, nazo za Kiingereza, zikachukua nafasi zote tano za mwanzo.

Nyumba zilipozidi ufuoni, 1948 njia ilisogezwa kusini, duru ikawa kilomita 6.6. Mwaka 1960 ndio wa mwisho mchangani. 1961 zilihamia uwanja wa lami, Roger Reiman akashinda kwa Harley-Davidson.

Siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nenda ufuo wa Nyali saa nne asubuhi, maji yamepwa. Shuka kutoka minazini hadi majini ukikanyaga kwa kisigino, utapajua mahali hasa mchanga unapogeuka.

Wako,
Sahibu yako wa Kisauni