Mhitimu wa uhandisi asingoje ajira ndipo afikirie usajili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana waliohitimu uhandisi walioko hapa Tabora na kule Kigoma, na pia na wale wenye kazi za kuwapa. Tangu mwezi uliopita wamefika nyumbani kwangu vijana watatu, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti, wakiniomba niwaunganishe na wakandarasi wa reli. Niliwauliza wote swali moja: umeshajisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Wawili walinijibu kwamba wanasubiri wapate ajira kwanza. Wa tatu alidhani usajili ni jambo la watu wazima wenye kampuni zao. Ni vijana hodari, na mmoja wao alinieleza jinsi mzigo unavyogawanyika katika boriti za daraja bila kutazama karatasi. Kwa sababu hiyo majibu yao yaliniuma zaidi.

Sheria ya Usajili wa Wahandisi Namba 15 ya mwaka 1997 haimfanyi mtu kuwa mhandisi kwa shahada peke yake. Shahada humpa sifa ya kuomba kusajiliwa kama mhandisi mhitimu. Ili afike daraja la mhandisi mtaalamu, yaani mtu anayebuni, kusimamia na kutia saini kazi kwa dhamana yake mwenyewe, anahitaji uzoefu wa angalau miaka 3 chini ya uangalizi wa mhandisi aliyesajiliwa, maandishi ya kitaalamu yanayoonyesha alichokifanya yeye na si kikundi chake, na usaili mbele ya wahandisi wenzake. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo kwa vitendo, ambao wengi tunauita SEAP, ili miaka hiyo mitatu isipotee bure. Kwa hiyo kijana anayekaa miaka miwili nyumbani akisubiri tangazo la ajira ndipo ajisajili anakosea hesabu, kwa kuwa mhitimu anaweza kuomba mapema daraja la mhandisi mhitimu na kuanza kumtafuta msimamizi akiwa tayari anatambulika.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nilipomaliza chuo sikuwa na lengo lolote zaidi ya kupata mshahara na kununua kiwanja. Niliajiriwa na kampuni moja ya ujenzi, nikapangwa kwenye barabara katika kanda hii ya magharibi, nikafanya kazi miaka 4: nilisimamia makalavati, nilipima ushindiliaji wa tabaka za changarawe, nilikesha na zege la nguzo za daraja wakati wa masika. Sikuandika hata ukurasa mmoja. Nilipotaka kuomba usajili, mhandisi aliyekuwa juu yangu alikuwa amekwenda kufanya kazi nchi nyingine, ofisi ya saiti ilikuwa imefungwa, mafaili yamehamishwa, na hapakuwa na mtu wa kuthibitisha hata siku moja ya ile miaka minne. Ilinibidi nianze upya chini ya msimamizi mwingine, wakati niliosoma nao walikuwa wameshakula kiapo cha wahandisi. Kampuni ile ilikosea kutonielekeza, nami pia nilikosea kutouliza.

Jambo ambalo sikufundishwa, na ambalo vijana hawa pia hawajafundishwa, ni namna ya kuandika kitabu cha kumbukumbu za kazi. Kuandika kwamba leo tumemwaga zege ni sawa na kutoandika kitu. Msaili atataka kujua ni zege la kiwango gani cha nguvu, kwa nini maji yalipunguzwa siku ile, vipande vya majaribio vilivyovunjwa siku ya 7 na siku ya 28 vilitoa nguvu kiasi gani, na kama matokeo yalikuwa chini ya kiwango, wewe ulipendekeza nini, na nani alikubali au kukataa pendekezo lako. Atataka kuona mchoro ulioukuta, kosa uliloliona katika mchoro huo, na hesabu uliyoifanya kabla ya kumwendea mkubwa wako. Mambo hayo huandikwa jioni ileile, kwa kuwa baada ya wiki moja hukumbuki tena, na msimamizi huyatia saini wakati bado yuko saiti na wewe. Mwenye tabia hiyo kwa miaka 3 huingia kwenye usaili akizungumzia kazi anayoijua ndani na nje.

Wapo wanaosema usajili ni urasimu tu. Historia ya leseni hii haikubaliani nao. Nchini Marekani jimbo la kwanza kuweka sheria ya namna hii lilikuwa Wyoming, mwaka 1907, baada ya kuonekana kwamba ramani za kuombea haki ya maji ya umwagiliaji zilikuwa zikichorwa na kusainiwa na watu wasiokuwa wahandisi. Jimbo la Texas lilipitisha sheria yake mwaka 1937, mwaka ambao mlipuko wa gesi katika shule ya New London uliua watoto na walimu karibu 300. Sisi tunaoishi kwa maji ya mabomba marefu yanayotoka Ziwa Victoria hatuna haja ya kungoja msiba wetu ndipo tuelewe kwa nini saini ya mhandisi lazima iwe na mwenyewe anayewajibika.

Reli ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Kigoma pakabaki mwisho wa reli. Mkataba wa reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na kwenye mto Malagarasi kuna mradi wa umeme wa megawati 49.5. Kwa mhitimu wa mikoa hii hilo ni darasa kubwa kuliko maabara yoyote ya chuo. Hata hivyo nimeona mhitimu akiwekwa mwaka mzima kwenye machimbo ya kifusi kuhesabu malori, akitoka hapo hajui lolote zaidi ya idadi ya malori. Nawaomba wakandarasi na washauri elekezi wawazungushe vijana hawa: miezi kadhaa kwenye upimaji, kisha udongo, zege, maabara, hata ofisi ya malipo, na wamtaje kwa maandishi mhandisi anayewajibika kwa kila mmoja. Wahandisi wa halmashauri, wa wakala za barabara TANROADS na TARURA, na wa wakala wa maji vijijini RUWASA katika mikoa hii nao wanaweza kuwapokea wachache bila kuathiri kazi zao.

Kwa upande wangu, wawili kati ya vijana wale watatu wamekubali kuniletea vitabu vyao kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nami nitavisoma ukurasa kwa ukurasa. Nawaomba wahandisi wataalamu wenzangu wa Tabora na Kigoma, kila mmoja achukue angalau wawili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa ujenzi,
Cheyo, Tabora