Mwacheni kijana apige chuma, ila pimeni makopo kwanza

Mhariri,

Mie ni mkazi wa Malindi na nimechoshwa na haya maneno ya kwamba kijana akinyanyua vyuma anadumaa. Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 14 aliangukiwa na chuma mkononi kwenye jimu ya uani, mnazijua hizi za bomba la maji na makopo ya rangi yaliyojazwa simiti, na tokea siku hiyo dadangu kasema basi, hakuna chuma tena, ati mtoto atabaki kimo cha kinu. Mamamkwe wake ndo kamzidishia hofu.

Hospitali daktari alituwekea eksirei tuione. Hapo karibu na kiwiko cha mkono kuna mstari mweusi umeukata mfupa kabisa, mie moyo ukanipasuka nikajua ndo pamevunjika, kumbe ule mstari ndo mahali mfupa unapokulia, ni gegedu, haijawa mfupa bado ndo maana haionekani kwenye picha, na kwa wavulana mara nyingi hufunga kwenye miaka 16 au 17 hivi, wasichana mapema kidogo. Wa mpwa wangu ulikuwa salama. Daktari akatwambia kunyanyua kwenyewe hakuufungi huo mstari, kibaya ni kuangukiwa, au kubeba kupita kiasi na hakuna mtu mzima wa kukuangalia. Nikaenda kusoma mwenyewe maana mie mbishi, nikakuta chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, walishasema hivyo hivyo 2020, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki.

Sasa niambieni, mtoto huyu huyu kila jioni anatumwa maji, mtungi wa lita 20, hizo ni kilo 20 kichwani na kocha hana, mbona hapo hakuna anayesema atadumaa? Na sisi Kilifi kwenye takwimu za serikali za 2022 watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, tuliongoza Kenya nzima, na hao chuma hata hawajakiona, ni sahani tu haina kitu. Mie mwenyewe mfupi, marehemu babangu mfupi, na sijawahi kugusa chuma maishani.

Wazee nawaunga mkono kwenye sindano na vidonge vya kufura misuli. Hizo steroidi ndo zinaweza kuifunga mifupa kabla ya wakati wake, kijana akakoma kurefuka. Hapo kemeeni hata kwa bakora.

Kile chuma tulikifungua tukapeleka makopo kwa wanunua vyuma chakavu wana mizani, moja likaja kilo 9, la pili 12 na ushee. Mtoto atakiwekaje sawa hicho kwenye benchi? Mwenye jimu kabaki mdomo wazi, miaka miwili anakinyanyua kila asubuhi akidhani mkono wake wa kushoto ndo dhaifu.

Mjomba mtu,
Malindi